Msindikizaji wa Mzee Jaku

Alhamisi, 10 Agosti 1995. Chumbageni, Tanga.

Leo kuna jambo. Zebedayo kaja nyumbani kwa baiskeli, kavaa tai. Mtu havai tai Chumbageni siku ya Alhamisi bila sababu.

Huyu Zebedayo ni Msambaa wa Lushoto, mstaafu wa posta, anakaa Nguvumali. Ana redio ya kuzungumzia, si ya kusikilizia. Leseni ya serikali anayo, nimeiona. Mwenyewe anaiita redio ya ridhaa, kama ndondi za ridhaa: watu wanapigana, hawalipwi. Anaongea na Wajapani, anaongea na Wabrazili, halafu anakwenda kulala. Bure! Nina miaka arobaini na minane katika mji huu na sijaona mtu akisema na Mzungu bure.

Hakuja kwangu. Kaja kwa baba mkwe, Mzee Jaku, mwenye nyumba hii tunayokaa mie na mke wangu Semeni tangu kiwanda kitupunguze. Mzee ni Mpemba. Alivuka kuja Tanga kijana, akajiandikisha Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Bama kupigana na Mjapani. Huko alikuwa mpigaji wa simu ya upepo, ile ya kugonga ti-ti-ta. Zebedayo kasema mwezi huu vita vile vinatimiza miaka hamsini tangu viishe, naye kapata kibali cha kufungua kituo maalumu siku chache, kuwaheshimu askari wazee. Watakaa mbele ya redio mmoja mmoja, dunia iwasalimu.

Nikamuuliza faida yake nini. Akasema heshima. Nikamuuliza tena faida yake nini. Akacheka, akanywa chai yetu. Vikombe viwili.

Mzee hakucheka. Kauliza jambo moja tu: redio hiyo inafika aliko Rafaeli? Rafaeli ni Mngoni wa Songea. Waligonga simu pamoja huko Bama, handaki moja, blanketi moja. Vita vilipoisha Rafaeli akaenda Unyasa, Malawi ya leo, kutafuta kazi, hakusikika tena mpaka leo. Kila futari Mzee lazima amtaje, kwamba Rafaeli alimgawia nusu ya biskuti yake ya mwisho. Zebedayo kaandika jina hilo daftarini, kaahidi kuliulizia.

Daftari lenyewe nimeliona. Lina jalada gumu. Si daftari la heshima hilo.

Ijumaa, 11 Agosti.

Nimefunguliwa macho! Baada ya sala nilikaa kwenye kahawa ya Uweso. Uweso kasikia kwa mtu wa bandarini, aliyesikia kwa mtu wa Mombasa, kwamba mwaka huu askari wazee wanapelekwa London kwa ndege, kwenye sherehe. Na kila mzee anapewa msindikizaji mmoja, wa kumbebea mkoba na kumshika mkono kwenye ngazi.

Msindikizaji! Kahawa ilinipalia.

Nikapanda baiskeli hadi Nguvumali, nikajifanya nimekuja kumjulia hali Bertha, mke wa Zebedayo. Lahaula! Ukuta mzima wa ukumbi umejaa kadi. Ufini, Ajentina, Japani. Kila kadi ina herufi kubwa na namba, na saini, nyingine hata mhuri. Nikauliza hizi nini. Zebedayo kasema ni desturi yao: ukishazungumza na mtu hewani, mnatumiana kadi kwa posta kuthibitisha kwamba mlisikiana. Mazungumzo yasiyo na kadi hayajakamilika.

Yaani mmekwisha kusikiana, kisha mnaandikiana barua kwamba mmesikiana! Watu wazima! Mie si mtoto. Zile ni barua za mwaliko, na namba zile ni za pasipoti.

Tena nimegundua saa yake ya ukutani imechelewa masaa matatu mazima. Mtu wa kuzungumza na dunia, hata saa hana!

Msindikizaji wa Mzee ni mie, hilo halina mjadala. Nani anayemkanda miguu? Semeni. Na Semeni ni mke wa nani? Tatizo ni mtu mmoja: shemeji Ahmada, mtoto wa kumzaa wa Mzee, muuza mitumba. Ahmada asijue kitu.

Jioni. Ahmada kaja na koti la suti kumjaribisha babake. Nani kamwambia?

Jumamosi, 12 Agosti.

Kituo kimefunguliwa. Redio juu ya meza ya chakula ya Bertha, betri ya gari chini ya meza kwa sababu ya mgao wa umeme, na waya umevutwa kutoka paani mpaka mnazi wa jirani. Bertha kaambiwa asianike nguo juu ya waya. Kaanika. Zebedayo kasema soksi zake leo zimesikika mpaka Ufini. Huo ndio utani wa Kilutheri.

Mzee Jaku kavaa koti lake la Keya, lile zito la rangi ya matope, na nishani zake nne kifuani. Askari mwenziwe, Mzee Timotheo, katoka Muheza na kikapu cha machungwa. Machungwa! Hakuna mtu anayetoa kikapu kizima kwa heshima. Ile ni hongo, na sisi tumekwenda mikono mitupu. Nikamnong'oneza Mzee kwamba tumeshapitwa. Kanijibu ninyamaze, anasikiliza.

Watu wakaitika kweli. Mjerumani, Mhindi, Mwitaliano. Kisha Mjapani! Kauliza Mzee alikuwa Bama sehemu gani. Mzee kasema kando ya mto, bonde la malaria. Mjapani kasema na babake alikuwa kando ya mto huo huo, ng'ambo ya pili. Mzee akasema ampe babake pole kwa mvua zile. Bertha akafuta macho kwa kanga, na Zebedayo naye akavua miwani.

Mie nilikuwa naangalia daftari. Kila mstari una jina, saa, na namba hamsini na tisa. Mjerumani 59. Mhindi 59. Mjapani 59. Nikauliza. Eti tano ni maneno kueleweka na tisa ni nguvu ya sauti, ndiyo alama za juu kabisa. Wote wamepata alama za juu kabisa? Yule Mwitaliano alikuwa anakoroma kama chungu cha maharage, naye 59! Mwalimu akiwapa darasa zima alama sawa ujue mtihani umeuzwa.

Nikamwomba Zebedayo aniandike pembeni ya jina la Mzee: msindikizaji, Idarusi. Akasema daftarini wanaandikwa waliozungumza tu. Basi nizungumze! Akanipa kipaza sauti, hewani yuko Mbulgaria. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha stoo kwamba mie ni mtu mwenye afya, sitapiki safarini, na Kiingereza nakijua kama anavyosikia. Mbulgaria akanipa 59.

Nikashangaa kidogo kwamba alinielewa. Lakini alama zangu ni za haki.

Jumapili, 13 Agosti.

Rafaeli yu hai!

Zebedayo kaja mbio kutoka kanisani, Biblia bado kwapani. Huko Blantyre kuna mwalimu mwenye redio kama yake, kauliza huku na huku, kampata. Lakini habari nyingine si njema. Kiharusi kimemchukua Rafaeli sauti na mguu. Hawezi kusema hata neno moja. Mkono wa kulia tu ndio haukuguswa, kwa hiyo atagonga, kama zamani. Watamleta mjini kwa gari Jumanne, watakutana hewani saa kumi jioni kwa saa yetu, na saa kumi na nusu gari linamrudisha kijijini. Nusu saa, basi. Daktari kasema safari ya pili hataiweza.

Mzee kakaa kitako. Chakula kimepoa mbele yake. Kachukua kijiko akawa anagonga ukingo wa sahani, polepole, kisha haraka, kisha polepole. Anajaribu mkono kama bado upo. Semeni kaingia jikoni kulia. Kasema baba hajawa hivi tangu mama afariki. Alihesabu miaka hamsini kwamba mwenziwe kafa, leo anaambiwa keshokutwa ataongea naye.

Na mie nilifurahi, Mungu shahidi. Kisha nikaanza kufikiri. Mzee anagonga nini? Anamgongea nani? Maana Ahmada alikuwa kakaa mbele yake, anakula samaki, na kila kijiko kikilia yeye anatikisa kichwa. Nilimuona. Anatikisa kichwa!

Jumatatu, 14 Agosti.

Nimewashika.

Asubuhi nimekwenda Nguvumali kuazima pampu ya baiskeli ambayo siihitaji. Bertha kanikaribisha muhogo. Alipogeuka kupepea moto nikafunua daftari. Ukurasa wa mwisho, kwa penseli: 15/8, Blantyre, 1300.

Mie nimekaa stoo miaka kumi na tisa. Mizigo ya meli tuliandika hivyo hivyo. Elfu moja na mia tatu ni saa saba mchana! Si saa kumi! Mzee kaambiwa saa kumi, na shughuli yenyewe saa saba. Atakapofika, viti vyote vimekwisha. Sasa nani kaambiwa saa saba? Nimepita sokoni, nikamkuta Ahmada kashika tai nyekundu. Kasema ni ya kuuza. Thubutu! Tai mbili katika wiki moja, na mji wenyewe hauna harusi.

Nilifikiri nimwambie Mzee. Lakini Mzee atamwambia Ahmada, damu nzito. Nikafikiri nimwambie Semeni. Semeni ni dada wa Ahmada, damu ile ile. Nyumba hii mwenye damu nyepesi ni mie peke yangu.

Basi kesho saa saba nitakuwepo. Nitakwenda kama mwakilishi wa Mzee, na mwakilishi bila nishani ni mpita njia. Koti nitaliazima Mzee akiwa msikitini kwa Adhuhuri. Nitalirudisha kabla hajamaliza sunna.

Jumanne, 15 Agosti. Jioni.

Naandika haya stoo ya kuni. Semeni kafunga mlango wa nyumba kwa ndani. Nitaandika yote kama yalivyokuwa, ili siku moja haki ijulikane.

Saa sita na nusu Mzee katoka. Nikafungua sanduku, nikavaa koti. Lahaula, lile koti! Limeshonwa kwa ajili ya baridi ya milima, si Tanga. Nilipofika Nguvumali jasho lilikuwa limeingia viatuni. Saa saba kamili. Nyumba kimya. Nikajua, wamezima redio waliponisikia. Nikazunguka uani kwa kunyata.

Bertha anatwanga kisamvu. Kaniuliza kama naenda kwenye barafu. Zebedayo kalala mkekani, fulana na msuli, mdomo wazi.

Nikamwamsha, nikamwambia nimeijua siri ya 1300. Akakaa, akatafuta miwani, akanieleza. Watu wa redio dunia nzima wanafuata saa moja, saa ya Uingereza, ili Mjapani na Mbrazili wasigombane. Huko ikiwa 1300, hapa saa kumi jioni. Ndiyo maana saa ile ya ukutani iko nyuma masaa matatu. Haijaharibika.

Saa ya Uingereza! Kasema kwa mdomo wake! Sasa mtu wa Nguvumali anaishi kwa saa ya Uingereza ya nini, kama hana safari ya Uingereza?

Hapo ndipo ningerudisha koti, nakiri. Mzee alikuwa bado barazani pa msikiti. Lakini Zebedayo kaniuliza kwa nini nimelivaa, na kurudi ni kukiri. Ulimi ukatangulia. Nikasema Mzee kapatwa na homa, kanituma nimwakilishe. Zebedayo karibu alie. Bertha akataka kwenda na uji. Nikasema kalala, asisumbuliwe. Zebedayo akataka kwenda mwenyewe kwa baiskeli. Nikasema homa yenyewe inaambukiza. Uongo ni kama muwa, ukishaanza kuutafuna huachi mpaka fundo. Masaa matatu nimekaa kwenye koti lile, nakunywa maji.

Saa kumi. Mwalimu wa Blantyre akasikika, safi kabisa. Zebedayo akamwambia Jaku ni mgonjwa, mkwewe yuko hapa. Kisha pakasikika kugonga. Ti, ti-ta. Polepole, kama mtu anayepanda ngazi kwa mkongojo. Zebedayo akaandika, akanisomea: Rafaeli yupo. Anamwombea Jaku kwa Mungu. Lakini kama huyo ni mkwe wa Jaku kweli, aseme, kuku alikuwa wa nani?

Kuku!

Naijua hadithi ya kuku. Mzee kaisimulia kila futari, mara mia, baada ya ile ya biskuti. Watu hucheka. Na mie hucheka wanapocheka. Kuisikiliza, sijawahi. Mie wakati ule nahesabu sambusa zilizobaki.

Nikamwambia Zebedayo agonge: kuku ni wa Mzee Jaku, yupo salama, anamsubiri Rafaeli. Na aongeze, tafadhali, tarehe ya safari ni lini na msindikizaji anakaa kiti gani. Zebedayo akanitazama. La pili kakataa kuligonga. La kwanza akaligonga.

Ikaja milio michache tu. Zebedayo akaandika, asinisomee. Nikasoma mwenyewe: HUYO SI WA NYUMBA YA JAKU.

Kisha mwalimu akaingia kwa sauti. Kasema Rafaeli kaweka mkono mapajani, analia, anaashiria apelekwe garini. Anafikiri Jaku kafa, na watu wanamchezea.

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na tano. Kitu kilinibana kifuani. Huenda ni koti.

Yaliyotokea nyumbani Semeni kanisimulia baadaye, kwa ukali, kupitia tundu la mlango. Mzee alirudi msikitini, akalala kidogo, akaamka kuvaa. Hakuna koti. Wakapekua sanduku, wakapekua uvunguni, wakapekua mpaka banda la kuku. Mzee akakataa kutoka. Kasema askari hendi kuripoti kifua kitupu, bora afe asisikike. Saa inakwenda. Mwisho Ahmada kapiga magoti mbele ya babake, kamwambia: baba, Rafaeli hakuoni kifua, anakusikia mkono. Ndipo Mzee akasimama. Ahmada kampakia nyuma ya baiskeli, kakanyaga mpaka mnyororo ukalia.

Mlango wa Zebedayo ukafunguliwa. Mzee Jaku, fulana na kikoi, kofia imekaa upande. Zebedayo akamtazama mgonjwa, akanitazama mie. Hakuna aliyesema shikamoo. Nilikuwa nimekalia kiti chake, nikainuka bila kuambiwa.

Mzee hakutaja jina. Kaweka mkono juu ya kile kigongeo cha Zebedayo, kafumba macho, kagonga.

Hakumaliza. Jibu likaja juu yake, haraka haraka, lile lile la polepole sasa limepata miguu! Kama majirani wawili wanaokatizana uani. Zebedayo akashindwa kuandika, akaweka penseli chini. Kasema kila mgongaji ana mkono wake, kama kila mtu na mwendo wake, na mkono hauzeeki. Mzee wetu huvuta ile ta ndefu, kama Wapemba wanavyovuta maneno. Rafaeli kamjua kwa herufi ya tatu.

Zebedayo akawa anatutafsiria kwa mdomo: kuku alikuwa wa meja. Sasa nimesikiliza. Walimpika ndani ya kofia ya chuma, bila chumvi, na meja mwenyewe alikuja kuota moto wao na kuusifia mchuzi. Mzee alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, mkono hausimami. Ahmada analia. Bertha analia. Mie pia nililia. Joto lilikuwa kali.

Saa kumi na nusu mwalimu akasema gari linaondoka. Rafaeli akagonga la mwisho: nusu ya biskuti yangu iko wapi? Mzee akajibu: njoo uichukue. Rafaeli akagonga: njoo wewe, miguu unayo.

Mzee akakaa muda, mkono bado juu ya kigongeo. Kisha akasimama, akanijia, akanifungua koti kifungo kimoja kimoja, kama anavyovuliwa mtoto. Akahesabu nishani, zote nne. Kasema siku nyingine niombe. Basi. Hakunitukana. Bora angenitukana, wallahi. Nilijisikia mdogo kuliko kile kigongeo.

Lakini naomba iandikwe. Rafaeli kasema: njoo wewe. Nini hicho kama si mwaliko?

Jumatano, 16 Agosti.

Ubwabwa mtupu. Semeni kasema mchuzi ni wa wale wa nyumba ya Jaku.

Kwenye kahawa wote wameshajua. Nilipofika Uweso kasimama, kapiga saluti, kaniita Meja, kaniuliza kuku wangu hajambo. Nani kawaambia? Ahmada, nani tena. Kauza nguo nyingi leo kwa hadithi yangu.

Semeni kaniamuru nikamwombe Zebedayo radhi, na nisiende mikono mitupu. Nimenunua machungwa ya Muheza, kikapu kizima. Zebedayo kanisamehe hapo hapo. Kasema alinisamehe tangu jana, mie ndiye niliyechelewa. Kanipa chai. Nimekunywa vikombe viwili, tukawa sawa.

Alipokwenda kuosha vikombe nikahesabu kadi za ukutani. Mia mbili na kumi na moja. Wasafiri wote hao!

Ijumaa, 22 Septemba.

Leo ni siku kubwa na ya huzuni. Naanza na huzuni.

Kadi imekuja kutoka Blantyre. Mbele ina picha ya mlima. Mzee kanipa mie niisome, macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Kaniita mwenyewe, mbele ya Ahmada. Kasema yamepita, mkwe ni mwana.

Nyuma kulikuwa na mistari ya Leticia, binti wa Rafaeli. Babake alifariki tarehe 27 Agosti. Tangu ile Jumanne alikuwa mchangamfu, alikula. Siku za mwisho hakufumbua macho, lakini mkono wa kulia ukawa unagonga ubao wa kitanda, mchana kutwa. Wakamwita mwalimu aje asikilize. Mwalimu kasema anagonga neno moja tu: Jaku, Jaku, Jaku.

Nililia kweli safari hii, sikuwa na koti. Mzee akagonga mkono wa kiti kwa kidole, mara chache, na mie sikumuuliza anamgongea nani.

Zebedayo, aliyeileta kadi, kasema desturi ni desturi: kadi hujibiwa, hata kama mwenyewe ametangulia. Mzee kachukua kadi tupu, kaandika kwa mkono wake, herufi kubwa, nusu saa nzima: NIMEKUSIKIA VIZURI RAFAELI. Kanikabidhi mie niipeleke posta kabla watu hawajatoka sala ya Ijumaa. Mie, si Ahmada! Kadi ya Leticia nayo kanipa, ninakili anwani. Nikaapa moyoni kwamba hii nitaifikisha salama.

Basi njiani nikaitazama tena kadi ya Leticia, upande wa namba. 15 Agosti. Sawa. 1318. Saa saba na dakika kumi na nane, saa za Uingereza. Hiyo inaelekea ndiyo saa ya ndege. Kisha nikasimamisha baiskeli katikati ya barabara. Alama za Mzee: 599.

Mia tano tisini na tisa! Mjerumani 59, Mjapani 59, mie 59, na Mzee kaongezwa tisa! Nilipitia kwa Zebedayo kumuuliza. Kanijibu bila kupepesa macho, eti ukigonga badala ya kusema, tisa ya tatu ni usafi wa mlio. Siku zote ana jibu tayari. Mtu mwaminifu hufikiri kwanza.

Tisa ya mwisho ni kiti. Viti viwili tena, maana marehemu, Mungu amrehemu, chake sasa kiko wazi. Na kadi ya kujibu iko mfukoni mwangu, haina jina la msindikizaji. Ikiondoka hivyo, London wataniona wapi?

Anold mpiga picha ni Mkristo, hafungi duka Ijumaa. Mie nitasali Adhuhuri nyumbani, Mungu anajua udhuru. Nilirudi mbio kuchukua koti. Mzee kaenda msikitini na kanzu, koti halina kazi. Nilitaka kuomba, kama alivyoniagiza, lakini hakuwepo wa kumwomba. Picha nne za haraka, nimetoka vizuri, kidevu juu. Moja nimeibandika kwenye kadi kwa gundi ya Anold. Nafasi ilikuwa finyu, imefunika kidogo jina la Rafaeli, lakini wenyewe wanajua ni la nani. Chini nikaandika: IDARUSI, MKWE, HATAPIKI. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta saa saba kasorobo, kabla sala haijatoka. Ahadi nimetimiza.

Koti nimelirudisha sandukuni, nimelikunja kama lilivyokuwa. Vifungo vyote vipo. Nishani nimezihesabu mara nne, na kila mara zinakuja tatu.

Namshuku Ahmada.